Mkalimani wa Msiba wa Kwetu

Watu wakisikia kwamba niliwahi kusoma Kifaransa chuo kikuu huniomba niseme kidogo. "Hebu tusikie," wananiambia, kana kwamba mimi ni redio. Nakataa. Nikibembelezwa sana nakasirika, na nikikasirika wanadhani najivuna. Acha wadhani.

Nilianza Kifaransa nikiwa na miaka ishirini na mmoja, mwishoni mwa miaka ya sabini, katika darasa ambalo wenzangu karibu wote walikuwa wamekisoma tangu sekondari. Mimi nilitoka Qurus, kijiji cha Karatu, kwenye shamba la mahindi na mbaazi. Hata Kiswahili nilikipata shuleni kwa fimbo, na kule Dar es Salaam wenzangu wa pwani walinicheka nikiongea Kiswahili kabla hatujafika kwenye hicho Kifaransa. Nilikariri vitenzi nikifua, nikipanga foleni ya chakula, nikisubiri zamu ya bafu. Kiliingia kwa shida na kutoka kwa urahisi. Lakini nilikipenda, na hilo nalisema kwa aibu, kwa sababu halilingani na hasira niliyo nayo. Nilikipenda kwa kuwa ndani yake hakuna aliyenijua. Kwa Kiiraqw, lugha yetu sisi Wambulu, nilikuwa binti wa fulani. Kwa Kiswahili nilikuwa mshamba wa bara. Kwa Kifaransa nilikuwa mwanafunzi mwenye makosa tu, na makosa hata wenzangu walikuwa nayo.

Mwisho wa mwaka wa pili mwalimu wetu, mgeni aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alitutangazia sharti. Anayetaka kwenda kukaa mwaka mzima katika nchi inayozungumza Kifaransa alete barua baada ya likizo ndefu. Barua iandikwe na mtu aliyezaliwa na lugha hiyo, aliyefanya kazi na wewe, athibitishe kwamba unaweza kuzungumza bila kuonewa huruma. Hayo ndiyo maneno yake, bila kuonewa huruma. Asiye na barua haendi, na asiyekwenda anahamishiwa somo jingine. Wenzangu waliokaa mjini walikuwa na balozi na makampuni ya kwenda kubisha hodi. Nilinyoosha mkono nikamwuliza kule Karatu nitampata wapi Mfaransa. Akasema, "Kwenu si kuna Ngorongoro?" Darasa zima likacheka.

Basi nikampata hukohuko Ngorongoro, wacheke wapendavyo.

Alikuwa mama wa makamo, mtafiti, amepanga chumba katika nyumba ya wageni ukingoni mwa kreta, mahali ambapo ukungu huingia mpaka jikoni na nguo zilizofuliwa hukaa siku tatu hazijakauka. Alikuwa na Land Rover, kibali cha utafiti chenye mihuri mitano, kinasa sauti kizito kama jiwe la kusagia, na sukari, ambayo miaka ile haikuonekana dukani. Alikuja kuchunguza mila za wafugaji. Hakujua Kimaasai wala Kiswahili. Alimwajiri kijana mmoja wa Kimaasai aliyefika kidato cha nne, awe anageuza Kimaasai kuwa Kiswahili, na akaniajiri mimi nigeuze Kiswahili kuwa Kifaransa. Nilimweleza habari ya barua siku ya kwanza. Akasema ataiandika kwa furaha mwisho wa kazi, kama nitaistahili.

Kama nitaistahili. Nililala na neno hilo mwezi mzima.

Tulikwenda mpaka Arash, tukaketi bomani kwa wazee. Mtafiti aliuliza, mimi nikageuza, yule kijana akageuza tena, mzee akajibu. Siku moja mzee mmoja alisema kwa muda mrefu sana, akionyesha kidole huku na huko, wenzake wakiitikia. Alipomaliza, kijana akaniambia, "Anasema ng'ombe wapo, ila nyasi ni kidogo."

"Kaka," nikamwambia, "yule mzee ameongea robo saa."

"Dada Mmbulu, mengine yalikuwa matusi kwa huyu mama. Unataka nikupe?"

Nikageuza habari ya ng'ombe na nyasi. Mtafiti akaandika. Nilichekeshwa, lakini pia nilichukia, kwa sababu barua yangu ilitegemea maneno yaliyonifikia yakiwa yamebaki makapi. Niliona nafanya kazi ya mfereji. Nilitaka aone kwamba naweza kuzungumza habari ndefu, yenye kichwa na miguu, habari yangu mwenyewe.

Sikuwa na habari kama hiyo mpaka iliponijia.

Ilikuja na dereva wa lori la mahindi, jirani yetu, aliyepita getini asubuhi. Hakushuka. Alinifungulia dirisha akasema mtoto wa kaka yangu amefariki. Mtoto yule alikuwa na miezi mitano, bado ananyonya. Halafu akanipa maneno ya mama yangu kama alivyoagizwa: "Usije. Nyumba imefungwa. Ukiingia umeingia."

Yanahitaji maelezo kwa asiye wa kwetu. Siku zile, mtoto wa kunyonya akifa, nyumba iliingia katika hali inayoitwa metimani. Waliomo walikaa peke yao. Hawakuombana moto na majirani, hawakuchota maji pamoja nao, hawakushikana mikono na mtu, hawakwenda kwenye pombe wala kwenye kikao. Wengine walipishana nao kwa mbali mpaka wazee waseme yamekwisha, na wazee hawakuwa na haraka. Mtu wa familia aliyekuwa mbali wakati wa kifo alikuwa salama, ilimradi asikanyage uani. Kwa hiyo mama yangu alikuwa ananiokoa. Kanisani padri alihubiri dhidi ya jambo hilo kila mwaka, na watu wakaitikia amina kwa sauti, kisha wakarudi nyumbani wakizunguka njia ya mbali kuikwepa nyumba iliyofiwa. Walinitia hasira wakati ule na wananitia hasira sasa. Mtu anafiwa na mtoto, halafu unamnyima kaa la moto.

Niliingia ndani nikilia. Mtafiti alikuwa akinywa kahawa. Aliniuliza kuna nini, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, nikamweleza. Nilimweleza kwa Kifaransa. Nilimweleza wifi yangu alivyokaa miaka minne bila kupata mtoto, na huyu alivyokuja, na alivyopenda kushika kidole cha mtu na kukataa kukiachia. Nilimweleza metimani, maji, moto, njia. Maneno yalikuja. Yalikuja tu, moja likimvuta mwenzake, na vitenzi vilikaa mahali pake bila mimi kuvitafuta. Katikati ya kilio changu nilijisikia nikiongea Kifaransa vizuri. Nikafurahi.

Hapo ndipo penye aibu yangu, na sitapazungukia. Mtoto wa kaka yangu hajamaliza siku tatu ardhini, na mimi nafurahia vitenzi.

Nilipomaliza mtafiti alinishika bega. Macho yake yalikuwa na machozi, simsingizii. Kisha akavuta daftari lake akaniomba nirudie ile sehemu ya maji. Akanisahihisha neno moja, kwa upole. Nikarudia. Nilipofika kwenye moto kalamu yake ilikuwa ikikimbia. Akasema nimezungumza vizuri kuliko siku nyingine zote. Akasema pia kwamba jambo lenyewe ni adimu, kwamba linaandikwa kwa kusikia tu, na kwamba tukienda Qurus nitageuza kutoka lugha yangu mwenyewe moja kwa moja, bila mtu wa katikati. "Hapo," akasema, "nitakuwa na kitu cha kuandika kwenye barua yako."

Ningeweza kukataa. Hakunifunga kamba. Nilimwambia tutasimama nje ya ua, hatutaingia, maana nikiingia siwezi kutoka. Akakubali haraka, akaandika na hilo pia.

Tulishuka Jumapili. Yule kijana wa Kimaasai alibaki, kwani hakuwa na kazi safari hii. Tulipoondoka aliniuliza, "Unampeleka kwenu?" Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa akaenda zake. Na yeye nilimkasirikia, kwa kuwa alikuwa na haki.

Watu walikuwa wakitoka kanisani na walituona tukipita. Land Rover ilisimama barabarani, tukatembea mpaka kwenye ua wa minyaa unaozunguka nyumba ya wazazi wangu. Niliita. Mama alitoka mlangoni, akaniona, akamwona mgeni, akaona kile kinasa sauti. Aligeuka akaingia ndani, na baada ya muda akatoka wifi yangu.

Alisimama upande wa pili wa ua, hatua kama sita kutoka kwetu. Nilimpa pole. Aliitikia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye utani mwingi. Siku aliyoolewa alinicheka kwa sababu nilisoma gazeti nikila. Sasa alikuwa amejifunga kanga kifuani, na kanga ilikuwa imelowa mbele, madoa mawili, kwa sababu maziwa hayajui kwamba mtoto amekufa. Nililiona hilo. Mtafiti akawasha mashine akasema tuanze.

Tukaanza. Aliuliza wanachota maji wapi. Niligeuza. Wifi akajibu kwamba kuna kijito cha chini, cha ng'ombe. Niligeuza. Nani anawaletea moto? Hakuna, wanaulinda usizimike. Wanaruhusiwa kulima? Shamba lao peke yao. Je, mume na mke wanalala pamoja? Nililigeuza hilo pia. Wifi alinitazama, akatazama chini, akajibu. Majirani watatu walikuwa wamesimama mbali, vitabu vya nyimbo mkononi, wanatazama. Nilifanya kazi nzuri sana. Sikuruka neno wala sikupunguza.

Kisha akaulizwa mtoto alikufaje. Alieleza polepole. Homa ilianza jioni; alimbeba mgongoni kwenda zahanati; dawa zilikuwa zimekwisha; wakati wa kurudi alihisi mgongoni kwamba uzito umebadilika, akaendelea kutembea bila kumshusha, kwa sababu kama hajamshusha bado hajajua. Alisema hivyo, kwa Kiiraqw, akiwa amesimama juani, na mimi niliyasema kwa Kifaransa, na sauti yangu haikutetemeka.

Mtafiti aliinama kwenye mashine. Akasema neno la kukereka. Akaniambia, "Kaseti imeisha. Sijui imeishia wapi. Mwombe arudie tangu kwenye kubeba."

Nikafungua mdomo. Hilo nalikumbuka kuliko mengine yote. Nilifungua mdomo na nikaanza. "Wifi," nilisema, "huyu mama anaomba..."

Wifi akangoja. Alikuwa tayari kurudia. Alidhani labda nimekosa kumwelewa, au labda jambo hili litanisaidia masomoni, maana yeye alijua kuhusu masomo yangu na alijivunia. Alipangusa uso kwa pembe ya kanga akajiweka sawa ili aanze upya.

Sikumaliza ile sentensi. Nilisukuma minyaa kwa mikono yote miwili, nikapita.

Sikupita kwa upendo. Ningependa kusema hivyo lakini ningekuwa mwongo. Nilipita kwa hasira, hasira juu ya mtafiti na mashine yake, juu ya wale watatu na vitabu vyao vya nyimbo, juu ya mwalimu na miwani yake, na kubwa kuliko zote, juu ya mdomo wangu ambao ulikuwa umekwisha kuanza. Utomvu wa minyaa ulinichoma mikono. Nilimshika wifi mkono, na nilipomshika nikasikia mmoja wa wale majirani akiguna.

Nyuma yangu mtafiti aliita jina langu. Akauliza kwa Kifaransa ninafanya nini. Akauliza tena. Kisha akauliza, na hapo nilisikia daftari likifunguliwa, iwapo sasa na mimi nimo metimani. Nilielewa kila swali na sikujibu hata moja.

Mama yangu alinipokea kwa maneno makali kuliko niliyowahi kusikia kutoka kwake. "Mjinga wewe! Nimekutumia lori zima kukuambia usije! Nani alikuita?" Alinipiga begani kwa ngumi, akanipiga tena, halafu akakaa chini akafunika uso. Wifi naye alinikaripia. "Ungebaki kule nje, ungekwenda huko kwa watu wa lugha yako. Sasa umepata nini?" Kaka yangu alinisogezea kigoda karibu na moto.

Ningeweza kutoroka kesho yake, kwani polisi hawakuwepo njiani. Lakini nyumba yetu ingeambiwa imetoa uchafu ikaupeleka barabarani, na wale wazee ambao hawakuwa na haraka wangechelewa zaidi. Nilikaa. Nililima, nilichota maji kwenye kijito cha ng'ombe, nililinda moto. Likizo iliisha nikiwa uani. Masika yalikuja na kupita. Wazee waliposema yamekwisha, chuo kilinipokea baada ya barua nyingi na kunirudisha mwaka, nikasoma Kiswahili na historia, na wenzangu walikuwa wamekwisha kwenda na kurudi, wakiongea kwa pua kama waliozaliwa huko.

Nikawa mwalimu wa sekondari, hapahapa wilayani. Siulizwi Kifaransa na mtu isipokuwa kwa mzaha.

Miaka kadhaa baadaye, katikati ya miaka ya themanini, nilipata bahasha nene kwa sanduku la posta la shule. Mtafiti alikuwa ameandika kitabu na kuniletea nakala, na kwenye ukurasa wa kwanza ameniandikia kwa mkono maneno ya shukrani. Nilikaa kwenye chumba cha walimu nikakisoma bila kamusi. Nilidhani nimesahau. Sikuwa nimesahau kitu.

Sisi tulikuwa sura ya tisa. Maji yalikuwemo, moto ulikuwemo, kulala kwa mume na mke kulikuwemo. Maneno niliyomwambia nikilia ukingoni mwa kreta yalikuwemo karibu yote, na makosa yangu yamesahihishwa. Mgongo haukuwemo, kaseti ilikuwa imeisha. Kuhusu mtoto palikuwa na maneno matatu tu, "kifo cha mtoto". Na mwishoni nilikuwemo mimi. Aliandika kwamba mkalimani wake, msichana mwenye akili, licha ya elimu yake ya chuo kikuu, alishindwa kujitoa katika imani za kwao, akavutwa nazo mbele ya macho yake. Aliandika kwa masikitiko. Nilikitupa kile kitabu ukutani, walimu wenzangu wakainua vichwa.

Jumamosi nilikipeleka nyumbani, sijui kwa nini. Labda nilitaka mwingine akasirike pamoja nami. Wifi yangu alikuwa na watoto watatu wakati huo, na mdogo alikuwa mapajani mwake. Alikichukua kitabu kwa mikono miwili, akakipindua, akainusa karatasi yake nzuri. Akaniuliza kama ni kweli tumo. Nikamwambia tumo. Nikamfungulia sura ya tisa, na yeye akaweka kidole kwenye mstari mmoja, popote tu.

"Na mtoto wangu," akasema, "ameandikaje juu yake?"

Nilitazama ukurasa. Kidole chake kilikuwa juu ya habari ya kijito.

Nikamsomea kwa Kiiraqw, polepole, nikifuata mistari kwa macho kama mtu anayefasiri kweli. Nikasema ameandika kwamba alikuwa mtoto aliyesubiriwa miaka minne. Kwamba alikuwa akishika kidole cha mtu haachii. Kwamba mama yake alimbeba njia yote ya kurudi bila kumshusha, na kwamba mwandishi hajaona mahali pengine mtoto aliyebebwa vile. Nikataja na jina lake, jina ambalo mtafiti hakuwahi kuliuliza, wala mimi siku ile sikumkumbusha aulize.

Wifi alikifunga kitabu taratibu, akakifunika kwa kitambaa, akakiweka juu kabatini pamoja na Biblia.

"Nilimdhania vibaya yule mama," akasema. "Kumbe alikuwa anasikiliza."

Akaniomba nimwandikie barua kwa Kifaransa, kumshukuru. Niliiandika palepale mezani, akinieleza maneno, na sikukosea hata moja.